Nimeshapoa

Kinyozi yule waliyemwita Taratibu hakupewa jina hilo kwa kejeli, ingawa lilianza kama utani. Wateja wake ndio waliolibuni, miaka mingi nyuma, kwa sababu ukishaketi kwenye kiti chake ulikuwa huguswi nywele hata moja mpaka umeulizwa habari za nyumbani, za kazini, za watoto, za goti lako linalokusumbua na za shemeji yako aliyehamia mbali. Kila habari ilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na "tunashukuru" yake. Baada ya hapo ndipo mkasi ulipoanza kulia. Wenye haraka zao walikwenda kwa vijana wa ng'ambo ya barabara, wenye mashine nne na redio. Waliotaka ndevu zinyolewe kwa wembe wa kukunja, shavu likabaki laini kama ndani ya yai, walikuja kwake, na walijua kwamba salamu ni sehemu ya kazi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja. Kilikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye pembe, chupa ya spiriti na mkanda wa ngozi wa kunolea wembe uliotundikwa ukutani. Vyote hivyo vingeibwa leo, kesho angenunua vingine. Lakini mkono wake wa kulia ndio uliokuwa duka hasa, na mkono huo ndio ulioumia.

Uliumia hivi. Jaji mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka ishirini na mitano, alikuwa hawezi tena kutoka kitandani kwa maradhi ya miguu, naye hakutaka kunyolewa na mtu mwingine. Basi kila Jumatatu mchana Taratibu alifunga duka akaenda kumnyoa kwake. Binti wa Taratibu, karani wa shule, ndiye aliyemwitia gari kwa simu, kwa programu ile ambayo mtu anabonyeza kioo na gari linakuja hadi mlangoni. Taratibu mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe, na hakuona kasoro yake.

Jumatatu hiyo, wakati wa kurudi, dereva alikuwa mtu wa makamo, mwalimu wa hesabu wa zamani aliyeacha chaki akashika usukani. Walizungumza vizuri njia nzima. Dereva alisimulia jinsi alivyowahi kumfundisha mtoto asiyejua saba mara nane ambaye sasa ni mhandisi wa madaraja, na kwamba kila akivuka daraja jipya huomba dua. Taratibu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Ndipo simu iliyobandikwa mbele ya dereva ikalia, abiria mwingine anahitaji gari, na dereva akanyoosha kidole kumpokea. Mbele yao lori la vigae lilikuwa limesimama bila alama yoyote. Kufumba na kufumbua, gari likaingia chini ya matako ya lori kwa kishindo. Taratibu alikuwa kiti cha nyuma na mkoba wa vifaa mapajani. Alitupa mkono wa kulia mbele kujikinga, akasikia kitu kikilia kwenye kifundo cha mkono, tak, kama kijiti kikavu.

Dereva alikuwa wa kwanza kugeuka. Akamwuliza kama ameumia.

"Sijaumia, mwanangu," akasema Taratibu. "Wewe je?"

Alisema hivyo kabla hajauangalia mkono wake. Ndivyo alivyolelewa, ukiulizwa hali unajibu njema, kisha unamwuliza mwenzako. Dereva alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso na macho yamemtoka pima. Walishuka. Watu wa lori wakaja, maneno yakaanza, nani alisimama wapi na nani hakuona nini. Dereva alipiga picha mbili tatu kwa simu, kisha akamvuta Taratibu pembeni akamweleza kwamba polisi wakiandika kuwa abiria ameumia, kampuni itamfungia siku hiyo hiyo, na yeye ana watoto watatu shuleni. Hakumwomba aseme uongo. Alimweleza tu, huku akitazama chini.

Taratibu alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto tangu waliposhuka, akimtabasamia kila aliyemtazama. Akamwambia dereva hana neno naye, akatengeneze gari lake. Halafu akachukua mkoba kwa mkono wa kushoto akaenda nyumbani kwa miguu, mwendo wa nusu saa, akiitikia salamu za watu njiani.

Mkewe alimwona akishindwa kufungua kitasa. Alimvua shati, akauona mkono umevimba kama mkate uliotiwa hamira, akakaa chini. Binti aliporudi kazini akasikia habari yote, akaanza kumwuliza baba yake maswali, na kila swali lilipata jibu lile lile. Namba ya lori? Hakuichukua. Polisi? Hawakuitwa. Picha? Dereva alipiga, yeye hakupiga. Majina ya walioshuhudia? Walikuwa watu wengi tu, watu wazuri. Hospitali?

"Itapoa yenyewe," akasema Taratibu.

Binti yake alimtazama. "Baba, wewe unamnyoa jaji kila Jumatatu. Hajawahi hata siku moja kukwambia mtu akigongwa anafanya nini?"

"Huwa tunazungumza habari za watoto wake."

Siku mbili nzima alijikaza kisabuni. Alikanda mkono kwa maji ya moto, kisha kwa maji baridi, kisha kwa dawa ya kuchua iliyonuka chumba kizima. Siku ya tatu alijaribu kuokota kitana kilichoanguka, kidole gumba kikakataa kukutana na wenzake. Akakitazama kitana pale sakafuni. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akaenda kumletea viatu, na safari hii Taratibu hakubisha.

Daktari wa mifupa aliwaonyesha picha ya eksirei, akiweka ncha ya kalamu kwenye kijifupa kimoja kidogo ambacho mtu hawezi kudhani kina maana yoyote. Kilikuwa kimevunjika na kutoka mahali pake, na sasa kilikuwa kinaukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata. Kilihitaji kurudishwa kwa upasuaji. Alisema ndani ya wiki tatu tangu siku ya ajali, si tangu leo. Ukichelewa, mshipa unazoea kulala, na ukishazoea, vidole vitashika kijiko lakini havitashika wembe. Hapo alisita, maana alikuwa ameuliza kazi ya mgonjwa wake. Foleni ya upasuaji huo katika hospitali ya umma ilikuwa ya miezi minne. Kwingine ungefanyika hata wiki hiyo, kwa aliye na bima.

Na bima ilikuwepo. Binti aliisoma usiku kucha katika yale maandishi madogo ya programu ambayo watu hubonyeza "nakubali" bila kuyatazama. Kila abiria alikuwa na bima tangu anapoingia garini mpaka anaposhuka. Asubuhi akaomba ruhusa kazini. Alipiga picha ukurasa wa safari ile, wenye saa, njia na jina la dereva. Alimpeleka baba yake polisi, ambako askari wa mapokezi aliuliza kwa nini mtu avunjike Jumatatu aje Ijumaa, lakini akaandika. Alichukua cheti cha daktari. Alimtafuta dereva, naye dereva, tofauti na walivyotarajia, hakujificha. Alituma picha alizopiga na akasema ataeleza kilichotokea kama kilivyotokea. Binti akapeleka vyote kwa kampuni, kisha akamkalisha baba yake akamwambia kwamba sasa asizungumze na mtu yeyote kuhusu jambo hili mpaka amwite yeye kwanza.

Taratibu alikubali. Alikubali kwa moyo wake wote. Ila hakuna aliyemwambia kwamba salamu nayo ni mazungumzo.

Simu ilimkuta Jumamosi saa tatu, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe dukani, mkono umefungwa banzi na kuning'inizwa shingoni. Ilikuwa sauti ya msichana, laini, yenye adabu. Ilianza kwa kusema mambo fulani ya haraka kuhusu kurekodi na kuboresha huduma. Kisha ikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema kabisa."

"Nimepiga kukupa pole na ajali."

"Asante sana, mwanangu. Nimeshapoa."

"Na mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, tunashukuru."

Msichana akamtakia siku njema. Taratibu akaweka simu mfukoni akiwa amefurahi. Alimwambia fundi viatu wa duka la jirani kwamba watu wanaisema vibaya kampuni ile bure, wamepiga simu kumjulia hali, tena binti mwenye malezi. Fundi viatu akasema labda wanataka kumwoza. Na kwa vile furaha ilikuwa imemtia nguvu, Taratibu akamkaribisha fundi viatu kitini akamwambia leo atamnyoa kwa mkono wa kushoto. Yaliyofuata hakumsimulia mtu nyumbani. Alifunga duka saa sita, akasema wateja walikuwa wachache.

Barua ilikuja Jumatano, kupitia simu ya binti. Alikuwa amekwisha kuisoma mara tatu alipoingia nyumbani, na akaisoma ya nne kwa sauti, amesimama, mkoba bado begani. Ilisema kwamba kampuni imepokea madai, imeyachunguza kwa makini, na kwa kuwa abiria mwenyewe, katika mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, amethibitisha kuwa hali yake ni njema kabisa, kwamba ameshapona na kwamba mkono unaendelea vizuri, kampuni haioni msingi wa kugharamia matibabu zaidi. Shauri limefungwa. Inamtakia afya njema.

"Sikusema nimepona," akasema Taratibu.

"Ulisema nini, Baba?"

Akafikiri. Akayarudia maneno moja baada ya jingine, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo, na alipofika kwenye neno lile akasimama. Mkewe aliinamisha kichwa. Binti aliketi hatimaye, akaweka mkoba chini. Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliinuka tu akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Siku tisa zilikuwa zimepita. Zilibaki kumi na mbili.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo lenye vioo, lifti yake ikinukia rangi mpya. Walipewa miadi Ijumaa, baada ya binti kupiga simu mara kumi na moja. Asubuhi ile Taratibu alikataa kufungiwa vifungo na mkewe. Alitaka kwenda kama mwanamume anayejivika mwenyewe. Alipambana na shati kwa mkono wa kushoto robo saa nzima mbele ya kioo, akavaa koti juu, na kifungo cha shingoni kikabaki wazi. Mkewe alikiona. Alinyoosha mkono, naye akajifanya anatafuta miwani.

Ofisa wa madai alikuwa kijana nadhifu mwenye shati jeupe. Aliinuka, akamwamkia mzee kwa heshima, akamvutia kiti. Taratibu, kwa mazoea ya kazi, alikwisha kumsoma uso kabla hajaketi. Huyu amejinyoa kwa haraka, kwa wembe mkavu, tena kinyume cha nywele zinavyolala. Kidevuni alikuwa na kipande cha plasta chenye doa jekundu katikati, na doa jingine dogo lilikuwa limeshika ukosi wa shati.

"Pole na kidevu, mwanangu," akasema.

"Asante mzee, nimeshapoa," akajibu ofisa, akafungua jalada.

Lilikuwa jalada jembamba. Binti alieleza habari yote kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Alikuwa ameandika mambo yake kwenye karatasi na hakuhitaji kuitazama. Ofisa alisikiliza akitikisa kichwa. Alikiri kwamba cheti cha daktari kipo, maelezo ya polisi yapo ingawa yamechelewa, dereva naye amekubali kosa. Kisha akawageuzia kioo cha kompyuta kuonyesha mojawapo ya picha za dereva. Gari lilikuwa limekunjamana mbele, lori limesimama, na pembeni kabisa, karibu kukatwa na ukingo wa picha, alikuwa Taratibu. Mkono wa kushoto umeshika wa kulia. Na alikuwa anatabasamu, meno yote nje, kama mtu aliyealikwa arusini.

"Sasa mtu wa mbali akiona hii," ofisa akasema polepole, "atasema nini?"

Hakungoja jibu. Akabonyeza kitufe, na chumba kikajaa sauti ya Taratibu.

Hakuwahi kujisikia kutoka nje. Ilikuwa sauti yake ya dukani, ile ya kupokea wateja, changamfu, iliyojaa. Njema kabisa. Nimeshapoa. Unaendelea vizuri, tunashukuru. Alipoisikia alijua kwamba hata yeye, angekuwa mgeni aliyeketi pale, angeamini. Alitamani kuondoka. Alitaka kumwambia binti yake waache, twende nyumbani, mimi ndiye niliyeuuza mkono wangu kwa mdomo wangu. Vidole vitatu vilikuwa vimelala ndani ya banzi, haviumi tena kama juzi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Akainua macho ili asimtazame binti yake. Macho yakatua kidevuni mwa ofisa.

Doa lilikuwa limepanuka. Kijana wa watu alikuwa anavuja damu muda wote walipokuwa wanazungumza.

"Mwanangu," akasema Taratibu, "nilipoingia nilikupa pole. Uliniambia nini?"

Ofisa alimtazama bila kuelewa.

"Uliniambia umeshapoa," akasema Taratibu. "Jiguse kidevu."

Ofisa akajigusa. Akatazama kidole chake, kisha akatazama ukosi wake kwenye kioo cha dirisha. Alicheka kidogo, kicheko cha aibu, akakikata katikati. Alitoa kitambaa mfukoni, na alipomaliza kujifuta hakurudi upesi kwenye jalada. Aliinuka akafunga mlango.

Aliporudi kuketi alizungumza kama mtu aliye nyumbani. Akasema yeye aliposikia mazungumzo yale mara ya kwanza alielewa vizuri ni salamu, nani asiyeelewa? Lakini uamuzi haufanywi katika ofisi ile. Maneno huandikwa, hupelekwa makao makuu katika nchi nyingine, na huko husomwa kwa lugha nyingine na watu ambao hawajawahi kupewa pole wala kuitoa. Mashine ndiyo inayotafsiri. Ilipofika kwenye neno lile ilisema abiria amepona, basi. Karatasi ikarudi kwake akatia sahihi.

"Uliona limekosewa ukatia sahihi," akasema binti.

"Nilitia sahihi, dada."

Hakujitetea, na kwa hilo Taratibu alimheshimu kidogo. Ofisa akasema kwamba kuna njia moja. Angeandika kwa mkono wake mwenyewe maelezo ya neno lile, kwamba kwetu mtu akipewa pole hujibu ameshapoa hata kama bado yumo ndani ya moto, na angetia jina lake chini. Lakini maelezo peke yake hayatoshi. Lazima kuwe na rekodi nyingine, abiria aulizwe upya na ajibu upya, wazi, bila kuzungushazungusha. Akatoa kinasa sauti kidogo akakiweka mezani. Alimwuliza mzee kama yuko tayari, mzee akasema yuko tayari. Ofisa alitaja tarehe, namba ya shauri na majina ya waliomo chumbani.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Hali yako?"

"Nj—" akasema Taratibu, akajizuia. Akakohoa. Binti aliweka mkono juu ya goti lake. "Hali si nzuri," akasema, na maneno yalitoka yamepinda, kama ya mtu anayesoma lugha ya kigeni.

"Pole sana na ajali."

Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alilisikia limesimama pale na viatu vyake vya kila siku, linangoja kufunguliwa mlango. Maisha yake yote halikuwahi kungoja. Mbele ya mtoto aliyemzaa, mbele ya kijana anayeweza kuwa mwanawe, alitakiwa kulirudisha ndani na kuweka mahali pake jambo ambalo hata mkewe hajamwambia.

"Sijapoa," akasema.

Ofisa akamwuliza afafanue, na alipoanza hakuweza kuacha. Alisema vidole vitatu havina habari na kinachoendelea. Jana aliweka kidole gumba kwenye birika la chai akajua lina moto kwa harufu ya ngozi. Alisema hawezi kufunga vifungo, leo amekuja na shati wazi ndani ya koti, na hapo akalifunua koti kwa mkono wa kushoto kana kwamba kinasa sauti kina macho. Alisema Jumamosi, siku ile ile ya simu, alimnyoa jirani yake fundi viatu kwa mkono wa kushoto akamkata chini ya sikio. Jirani alisema si kitu. Damu ilishuka mpaka kwenye taulo, jirani anasema si kitu. Alipojaribu kuukunja wembe auweke mezani, ulianguka sakafuni, akashindwa kuuokota. Mwenye damu ndiye aliyeinama kumwokotea. Akafunga duka. Akaenda nyumbani akasema wateja walikuwa wachache.

"Nimewadanganya mke wangu na binti yangu," akasema. "Sikutaka waone. Mimi ni kinyozi. Kama mkono huu hautarudi, mimi sijui ni nani."

Ofisa alizima kinasa sauti. Binti hakuwa ametoa mkono gotini pa baba yake, ila sasa alikuwa anatazama dirishani. Njia nzima ya kurudi hakumlaumu. Alimwuliza tu, walipokaribia nyumbani, kidole kipi kiliungua.

Siku zikaanza kuhesabika moja moja. Kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nane. Ofisa alipiga mara mbili kusema maelezo yamefika na yanasomwa. Daktari alisema anaelewa, lakini mshipa hausomi barua. Idhini ilikuja siku ya ishirini jioni, mistari mitatu, bila kuomba radhi. Nafasi ya chumba cha upasuaji ikapatikana siku ya ishirini na tatu. Mkewe alimwuliza daktari kama siku mbili ni kitu, naye akajibu kwamba si kama miezi miwili, akaenda kunawa mikono.

Sasa imepita miezi mitano. Kidole gumba kimerudi, kinakutana na wenzake kama zamani. Cha pili kinasuasua, asubuhi za baridi hakitaki kusikia la mtu. Taratibu ananyoa kwa mashine, taratibu kuliko jina lake, na wateja wanaotaka wembe huwaambia wazi kwamba bado. Wembe umo ndani ya droo, umepakwa mafuta. Jaji mstaafu amefuga ndevu. Anasema anamngoja.

Kitu kimoja kimebadilika dukani. Ukimpa pole na mkono, Taratibu anakueleza. Anaanzia kwenye kijifupa, anapitia kwenye mshipa, anafika kidole cha pili na tabia zake. Juzi fundi viatu, mwenye kovu lake jembamba chini ya sikio, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Bwana wee, nilikusalimu tu, sikuomba taarifa ya habari."

Taratibu alicheka mpaka miwani ikamshuka.

Na asubuhi, akivaa, hufunga vifungo mwenyewe kuanzia chini, kimoja kimoja, mkewe akiwa jikoni anapanga vikombe. Vitano vinakubali. Cha shingoni, kile kidogo, hukijaribu mara moja, mara ya pili, na kabla ya mara ya tatu huenda jikoni akasimama mbele ya mkewe na kuinua kidevu.

"Hiki bado," humwambia.

Naye huweka kikombe chini, akajifuta mikono, akakifunga.